Pampu inamrusha keateka tangu tubadilishe paipu

Swali: "Habari fundi. Namsaidia mama kusimamia ploti yake huku Kahawa West. Ni ghorofa nne juu ya ile ya chini, nyumba 16. Tuna tangi la chini ya ardhi la lita 20,000 na mengine mawili ya lita 5,000 juu ya paa. Pampu ni ya HP 1, imetufanyia kazi miaka minane bila neno. Mwezi wa tatu paipu ya chuma ya inchi moja inayopanda juu ilioza, tukawekewa paipu ya plastiki, PPR ya milimita 32. Tangu hapo matangi ya juu yaliyokuwa yakijaa kwa muda wa saa tatu na kitu sasa yanachukua saa tano na zaidi. Pampu nayo imeanza kuchuruzika maji pale katikati, na wiki jana keateka aliigusa akarushwa na stima. Fundi wa paipu anasema keateka avae gamboti, kisha tununue pampu ya HP 2. Nimeshaulizia bei Kirinyaga Road. Ninunue?"

Dada, usinunue pampu. Na kabla hujaendelea kusoma, mpigie keateka azime breka ya pampu kwenye bodi, si swichi ya ukutani peke yake, halafu abandike utepe juu yake mtu mwingine asije akaiwasha. Swichi nyingi za ukutani nilizofungua hukata waya mmoja tu, na mara nyingine waya uliokatwa si ule wenye stima. Leo wapangaji wachote kwa ndoo kutoka tangi la chini, mtu mzima akisimama hapo na mfuniko ukirudishwa kila mara, maana ploti ya nyumba 16 haikosi watoto.

Hiyo habari ya gamboti sitaki kuisikia. Mpira chini ya mguu haumsaidii mtu ambaye mkono mmoja uko kwenye pampu na mwingine umeshika mlango wa chuma. Na mtoto wa nyumba namba tatu anayekwenda kuokota mpira wake nyuma ya pampu, yeye amevalishwa gamboti na nani?

Sasa tuje kwa ugonjwa wenyewe. Mambo matatu uliyoyaandika ni jambo moja, na lilianza siku ile paipu ya chuma iling'olewa.

Anza na kipimo. Paipu ya chuma ya inchi moja huitwa hivyo kwa kukadiria tundu lake, na tundu hilo kwa kweli lina milimita 27 hivi. PPR huuzwa kwa kipimo cha nje. Tafuta kipande kilichobaki, mafundi hawakosi kuacha kipande nyuma ya tangi, uweke rula mdomoni. Utaona nje ni milimita 32 sawasawa, lakini ukuta wake, kama ni ile nene inayoandikwa PN20, unakula milimita 5.4 kila upande. Tundu linalobaki ni milimita 21. Kwa macho tofauti ni ndogo. Kwa maji ni kubwa mno, kwa sababu maji yaleyale yanalazimika kukimbia zaidi, na kadiri yanavyokimbia ndivyo msuguano unavyopanda: ukiongeza mwendo mara mbili, msuguano unapanda karibu mara nne.

Nimekupigia hesabu. Kutoka maji ya tangi lako la chini hadi mdomo wa tangi la paa ni kama mita 22: sakafu tano za mita tatu tatu, kimo cha stendi na tangi lenyewe, pamoja na kina cha chini. Huo mlima haubadiliki. Kupitisha lita 3,000 kwa saa kwenye paipu ya zamani yenye urefu wa mita 40, msuguano ulikuwa sawa na kupandisha maji mita nyingine tano. Kwenye hii mpya ni kama mita 12. Kwa hiyo pampu iliyokuwa ikipanda mlima wa mita 27 umeiambia ipande wa 34. Pampu ya aina hii haigomi wala haizimi. Inapunguza maji tu, kimyakimya, hadi mzigo uifae. Ongeza na viungo: fundi akipasha PPR moto kupita kiasi, plastiki huyeyuka na kufanya kola kwa ndani, na kila kona inakuwa koo lililokabwa. Niliwahi kukata kona moja huko Kasarani nikakuta penseli haipiti.

Sasa fuata keateka. Zamani aliwasha saa mbili usiku, saa tano na nusu matangi yamejaa, anazima na kulala. Siku hizi saa tano na nusu bado. Analala, pampu inaendelea. Na Nairobi ni mji wa mgao: kuna wiki maji ya kampuni yanakuja siku mbili, tangi la chini halijai. Usiku wa manane maji yanaisha chini na pampu inazunguka kavu hadi alfajiri.

Ndani ya pampu, mahali shafti inapotoka kwenye maji kuingia kwenye mota, pana sili. Ukiishika mkononi ni vipete viwili vilivyosuguliwa hadi vinang'aa kama kioo, kimoja mara nyingi cha kaboni na kingine cha kauri, vikisukumana kwa springi ndogo. Kati yake panapita utando mwembamba wa maji, nao ndio unaovipoza na kuvilainisha. Bila maji, dakika chache zinatosha kuvichoma. Kisha maji baridi yakirudi ghafla, kauri inapasuka. Hapo ndipo unaona matone "pale katikati". Matone hayo hayaishii sakafuni. Mengine yanafuata shafti, yanaingia kwenye beringi, na ukungu wake unafikia nyaya za mota. Varnishi ya nyaya ikilowa, stima inaanza kuvuja kidogo kidogo kuingia kwenye mwili wa chuma wa pampu.

Kidogo hicho zamani usingekihisi. Paipu ya chuma iliyoshikana na pampu na kuzikwa ardhini ilikuwa inakipeleka chini bila mtu kujua. PPR ni plastiki. Haipeleki kitu popote. Mlipoondoa chuma mliondoa njia pekee ya kutorokea, na njia iliyobaki ni mkono wa keateka. Ninasema njia pekee kwa sababu kama waya wa athi wa pampu hiyo, ule wa kupeleka ardhini stima inayovuja, ungekuwa mzima, mtu asingerushwa hata mngeweka paipu ya dhahabu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya paipu wala ya pampu. Ita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, na usione haya kumwambia akuonyeshe kadi. Breka ikiwa imezimwa, afungue kile kisanduku kidogo juu ya mota. Humo zinaingia nyaya tatu, ya kahawia, ya buluu, na ya kijani yenye mstari wa manjano. Hii ya tatu ndiyo athi, na inatakiwa ishikwe na skrubu kwenye chuma chenyewe cha mota. Ninavyoona mara nyingi zaidi imekatwa na kukunjwa nyuma, kwa sababu aliyeiweka alitumia kebo ya nyaya mbili iliyokuwa imebaki dukani. Ikiwa imeshikwa vizuri, usifurahi bado. Afuate upande wa pili. Kuna ploti niliyoitwa mtaa wa Pipeline miaka iliyopita, athi kwenye pampu ilikuwa safi kabisa, imekazwa na washa, kazi ya mtu aliyejua. Tulipofuata kebo hadi ukutani tukaikuta imezungushiwa msumari wa zege. Nilimuuliza mwenye ploti msumari ule unakwenda wapi, tukacheka, lakini mpangaji mmoja alikuwa ameshalazwa kwa ajili yake.

Athi inatakiwa irudi hadi bodi kuu, na kutoka hapo ishuke ardhini kwenye fimbo yake. Fundi anayo mashine ya kupima kama ardhi inapokea. Akikwambia "iko sawa" bila kupima, hajakwambia kitu. Aongeze breka ya RCD ya miliampia 30 kwa laini ya pampu. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, haimjui binadamu. Ya ampia 20 itakuacha ufe hali imetulia, kwa sababu mkondo unaoua mtu haufiki hata sehemu ya mia moja ya kile inachongojea. RCD inalinganisha stima inayokwenda na inayorudi, na ikiona pengo la miliampia 30 inakata kabla moyo haujavurugika. Ina kitufe kimeandikwa T. Keateka akibonyeze mara moja kwa mwezi. Isipokata, haifanyi kazi.

Kama RCD inakata kila pampu ikiwashwa, usikubali mtu aiondoe akisema ni mbovu. Hiyo inakuambia pampu bado inavuja.

Akiwa hapo, fundi apime mota kwa mega ya volti 500, mashine ya kupima kama stima inavuja, kati ya nyaya na mwili wa chuma. Multimita ya kawaida haitoshi, betri yake ni ndogo mno kuonyesha unyevu. Kipimo kikiwa chini ya megaomu moja, mota imelowa. Ifunguliwe, ianikwe, ama iachwe siku nzima karibu na balbu ya zamani ile ya kupasha joto, ipimwe tena. Ikipanda vizuri, weka sili mpya na beringi mpya, irudi kazini. Ikikataa kupanda baada ya kukauka, nyaya zimeungua na utachagua kati ya kuizungushia nyaya mpya na kununua nyingine. Hata hapo, nunua HP 1, usinunue mbili.

Kwa nini si mbili? Ukisukuma maji mengi zaidi kwenye tundu lilelile la milimita 21, msuguano unapanda haraka kuliko maji. Utalipia stima mara mbili upate maji nusu zaidi, pengine na pungufu ya hapo. Halafu kuna kebo. Pampu ya HP 1 inakula kama ampia sita ikiwa mwendoni, lakini sekunde ile inayoanza inavuta mara tano hadi saba ya hizo. Kwenye kebo ya milimita za mraba 1.5, kutoka bodi hadi pampu mita 40, unapoteza volti zaidi ya 30 wakati huo wa kuanza. Jioni ambapo Kahawa nzima inapika na volti 240 zimeshashuka, mota inanguruma bila kuzunguka na kujichoma. Ya 2.5 inapunguza hasara hiyo hadi kama volti 20, nayo ndiyo kipimo cha chini ninachokubali kwa ploti kama yako. HP 2 ingetaka kebo nene zaidi, na nina shaka kama fundi wako aliweka hiyo kwenye bei.

Ukiwa dukani siku yoyote, usidanganywe na "Hmax 40". Namba hiyo ni kimo ambacho pampu inafika ikiwa haitoi hata tone. Muulize muuzaji ile grafu au jedwali: kwenye mita 28 inatoa lita ngapi kwa saa? Akishindwa kujibu, nenda duka la pili. Barabara ile haina uhaba wa maduka.

Kuhusu paipu, dawa ni PPR ya 40 kwa ile inayopanda, ambayo tundu lake ni karibu sawa na chuma yenu ya zamani. Si lazima leo. Ukishapata usalama wa stima na kuzuia pampu isizunguke kavu, unaweza kuvumilia saa tano hadi mama apate pesa. Ila usiunganishe pampu moja kwa moja na laini ya kampuni ili "kuharakisha" siku ya mgao. Laini ikiwa haina presha, pampu inanyonya chochote kilicho kando ya nyufa za paipu barabarani, na huku kwetu kilicho kando yake mara nyingi ni mtaro wa maji taka. Maji hayo utayanywa wewe na jirani yako.

Kuzuia ukavu ni swichi mbili za boya. Moja inaning'inia kwenye tangi la chini, maji yakishuka inakata. Ya pili iko juu, matangi yakijaa inakata. Zinafungwa kwa mfuatano, kila moja iwe na kura ya turufu, na keateka alale. Boya la chini lipangwe likate maji yakiwa bado yameifunika vizuri ile valvu iliyo mwisho wa paipu ya kunyonya, futi mbili hivi juu yake. Maji yakikaribia valvu yanafanya kizunguzungu kama sinki linapoisha, na pampu inameza hewa. Valvu yenyewe isiguse sakafu ya tangi, ikae shubiri moja juu, maana chini kuna tope, na mchanga unaitafuna impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji.

Neno moja juu ya kunyonya, kwa sababu najua atatokea mtu wa kukushauri uhamishie pampu ghorofa ya kwanza mbali na watoto. Pampu haivuti maji; inaondoa hewa na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma kupanda. Mombasa hewa ina uzito wa kuinua maji mita kumi kwa hesabu ya kitabuni. Nairobi tuko mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kitabu kinaishia mita nane na nusu hivi. Ukitoa msuguano na viungo, mimi sipangi zaidi ya mita sita hapa mjini, na nikipata tatu nafurahi. Iache pale chini. Ijengee kibanda chenye kufuli, sakafu ya zege iliyoinuka, na mahali pa hewa kupita, kwa sababu mota iliyofunikwa gunia nayo hufa.

Paipu ya kunyonya ipande kidogo kidogo kuelekea pampu bila kigongo katikati. Kigongo kinahifadhi hewa. Sehemu hiyo ndiyo watu huharakisha, na ndiyo inayoleta ile kesi ya pampu kutoa maji dakika mbili kisha kunyamaza.

Siku ya kuwasha upya, fungua kifuniko kidogo juu ya pampu, mimina maji taratibu hadi yafurike na mapovu yaishe. Yakiendelea kushuka, valvu ya chini inavuja au imekaliwa na takataka. Zungusha feni ya nyuma kwa bisibisi, stima ikiwa imezimwa, uhakikishe shafti ni nyepesi. Funga kifuniko, funga geti valvu ya kupeleka hadi ibaki wazi kidogo, washa, kisha fungua polepole. Hii ni kwa pampu yenye impela pana kama yako. Zile ndogo za HP 0.5 zenye impela ya meno meno ukingoni ni kinyume: hizo zikifungiwa njia ndipo zinapokula stima nyingi zaidi, kwa hiyo huwashwa geti likiwa wazi kabisa. Nimeona mafundi wazima wakizichoma kwa kufuata kanuni ya dada zao wakubwa. Na pampu yoyote usiiache imefungiwa zaidi ya dakika moja, maji ndani yatachemka.

Ikinguruma bila kuzunguka, izime mara moja, usihesabu hata hadi kumi. Aidha impela imeganda au kapasita, ile inayoisaidia mota kuanza, imekufa. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya stima kuzimwa, kwa hiyo kidole kisiende pale kabla fundi hajaitoa kwa balbu. Na ikitoa sauti kama inasaga kokoto ilhali maji ni masafi, njia ya kunyonya imebanwa.

Nimebakiza jambo ambalo hukuliuliza. Siku ya kusafisha tangi au kutoa ile valvu ya chini, mtu asiingie peke yake. Mfuniko ukae wazi kwanza kwa muda mrefu, awe amefungwa kamba kiunoni, na mwenzake asiondoke mdomoni mwa tangi hata kwenda kuchukua chai. Breka izimwe na ufunguo wa bodi uwe mfukoni mwa yule aliye ndani. Msishushe kamwe pampu ya petroli humo kunyonya maji ya mwisho. Moshi wake hauna harufu ya kukuonya vya kutosha, na anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka juu yake.

Kwa hiyo Kirinyaga Road utakwenda, ila orodha yako ni swichi mbili za boya, RCD, beringi na sili ya shafti. Sili ya zamani ibebe mkononi, na uipime kwa kalipa ya muuzaji mbele yako. Ya milimita 12 na ya milimita 13 kwa macho ni moja, na dukani hawarudishi.